Kuku wa Maposeni Waliohesabiwa kwa Lugha Mbili

Nyie vijana wa kijiwe cha hapa Bombambili, mnaopita kwangu na bodaboda zenu mkachungulia sebuleni na kucheka, leo nimewakamata. Mnacheka nini? Kwamba mwavuli wangu umetundikwa ukuta mmoja na panga, mkasi, birika na kiti? Kwamba kamba, suruali na taulo vinaning'inia kwenye boriti moja? Nimesikia mnavyosema, mzee Kasto kachanganyikiwa tangu astaafu. Thubutu! Huo ni utaalamu, na utaalamu huo huo ulikaribia kuninyima mke. Zimeni pikipiki, mafuta yenyewe ghali, mkae hapo kwenye benchi.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Mkandarasi mmoja wa hapa Songea alikuwa anachimba visima na kulaza mabomba, na mimi ndiye niliyeshika funguo zake. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Mfaranyaki, yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu, yakaanza kuuza redio na mabegi. Mitumba ikamwagwa chini kila kona. Papo hapo mashirika yakawa yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini, na mtu uliyemwacha Ijumaa akiwa na cheo ulimkuta Jumatatu akiwa na genge la nyanya. Bosi wetu alikuwa mtu wa ruksa hasa. Alinunua mtambo wa kuchimba kutoka China na pampu kutoka Japani, kwa kuwa ndivyo alivyovipata, na kila mzigo ukaja na fundi wake.

Wa kwanza alikuwa Bwana Shen, Mchina mfupi mwenye sauti ya mnadani. Kiswahili chake alikiokota barabarani kwenye kambi za ujenzi, akakitumia kama nyundo. Siku ya kwanza akaingia stoo kwangu. Nilikuwa nimepanga vizuri kama nilivyofundishwa: vya umeme huku, vya mabomba kule, vya ofisi kabatini. Akatazama, akashika kichwa.

"Kasto! Hii stoo au ajali?"

Akashusha kila kitu chini. Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe anapanga upya, na kazi hiyo tuliifanya mpaka jioni, mimi nikiwa sielewi hata chembe. Mwavuli, panga, ufagio, mkasi, birika la chai la jikoni, kufuli na viti, rafu moja! Kamba, mikanda, taulo na suruali za kazi, rafu nyingine. Karatasi, mabati, meza na kitanda cha mlinzi, upande wa tatu. Mlinzi alilala wiki nzima katikati ya mabati na karatasi za ofisi, akawa anaamka na vumbi la kutu mashavuni.

Baadaye ndipo akanieleza. Kwao huwezi kusema "mwavuli mmoja" ukapita. Kati ya idadi na kitu lazima uweke neno dogo linaloeleza kitu hicho kina mwili wa namna gani. Msishangae, hata sisi tunasema mkungu wa ndizi, punje ya mahindi, tone la maji. Tofauti ni kwamba wao kila kitu kina mkungu wake. Vitu vya kushikwa vinahesabiwa kwa neno "ba", ndiyo maana kiti kimo, kwa sababu kinabebwa kwa kushika mgongo wake. Vitu virefu vya kujipinda ni "tyao", na humo wamo suruali, mto wa maji, barabara, samaki na nyoka. Vitu vya kutandazika ni "jang", kama karatasi, meza na kitanda. Ng'ombe wanahesabiwa kwa kichwa, sawa na sisi, lakini na kitunguu saumu nacho kwa kichwa. Nikamuuliza kama nikifungie zizini. Akafikiri kweli kweli kabla ya kukataa.

Mnaona mnavyocheka? Sasa subirini. Siku moja nimeingia stoo kuchukua kamba, nikaona kamba inanitazama. Koboko! Nilitoka humo ndani bila kugusa kizingiti. Bwana Shen akaja na reki, akachungulia, akaona nyoka amejilaza kati ya mikanda na suruali, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu ameenda rafu yake. Mfano mzuri. Wewe umesoma hapa mwaka mzima, bado unaweka taulo kwa sahani."

Haki ya Mungu, nilitaka kumrushia kiatu.

Baada ya msimu mmoja wa mvua akaja wa pili, Bwana Hori, Mjapani mrefu, mpole mpaka anaudhi, na Kiswahili chake cha kitabuni: "Samahani sana, ndugu mtunza stoo, naomba nikusumbue kidogo kuhusu boliti." Nikajua sasa nimepata mtu. Akaingia stoo, akainama kunisalimu, akanyooka, akauona mwavuli ulipo. Uso ukambadilika.

Kumbe na kwao wanayo hayo hayo, ila wanagawa vingine. Mwavuli kwao hauna habari na mshikio, ni kitu kirefu, unakaa na penseli, chupa, mti na bomba, na vyote wanavihesabu ipon, nihon, sambon. Hata simu ikipigwa wanaihesabu humo humo, kama bomba. Kwenye kambi kulikuwa na simu moja ya mezani, na kila ikilia Bwana Hori aliniambia, "Ndugu Kasto, imeingia simu ndefu moja," hata kama ilikuwa ya mtu aliyekosea namba. Kiti kwao kinahesabiwa kwa miguu. Sungura wanahesabiwa na ndege. Nilipomuuliza kwa nini, akasema inasemekana zamani watawa wao walikatazwa nyama ya wanyama, wakampenda sungura, wakaamua masikio yale ni mabawa. Na kipepeo, jamani, kipepeo kwa wasomi wao anahesabiwa na tembo.

Basi nikawa katikati yao. Asubuhi Bwana Hori anahamisha mwavuli kwenye mabomba, mchana Bwana Shen anaurudisha kwenye mapanga. Kuhusu kiti waligombana siku nzima, mmoja ameshika mgongo, mwingine ameshika miguu, wanakivuta. Nikakichukua, nikakiweka mlangoni, nikakikalia mimi. Ndiyo hukumu pekee niliyoitoa katika kampuni ile na haikukatiwa rufaa.

Lakini nisiwadanganye, niliwapenda. Walikuwa na misemo ya hesabu mpaka unachoka. Siku moja niliwatuma vibarua wakachote maji ya zege. Nikamtuma mmoja, akaleta. Nikaongeza wa pili, wakaleta ndoo ikining'inia kwenye mti, huku mmoja, huku mwingine. Nikaongeza wa tatu ili iende haraka, wakakaa chini kubishana nani abebe, maji hayakuja. Bwana Shen akacheka mpaka machozi, akasema kwao hilo ni neno la kale kabisa, la watawa watatu waliokosa maji ya kunywa. Bwana Hori naye akiona mtu amekata tamaa alisema, "Kuanguka mara saba, kuinuka mara nane." Bwana Shen akamkatalia kwa hesabu. Mtu aliyeanguka mara saba anainukaje mara nane? Ile ya ziada katoa wapi? Bwana Hori akafikiri siku mbili, akarudi na jibu: binadamu anazaliwa amelala. Bwana Shen akakubali kwa shingo upande.

Na wekeni akilini hili moja la kazi, nyie mnaopanga mizigo kwenye pikipiki mpaka mabegi yanamwagika njiani. Kitu kabla hujakiweka, kishike kwanza. Chenye mshikio kitundike kwa mshikio, kirefu kisichopinda kilaze, kinachopinda kizungushe, cha bapa kisimamishe ubavu na usikilundike. Siku hizi mnapiga picha mistari midogo kwenye boksi na mashine inawaambia kiko wapi. Umeme ukikatika mnakaa mnatazamana.

Haya, twende Maposeni.

Kule alikuwako binti, Fausta, na nilikuwa nampenda mpaka nikisikia jina lake nafunga kufuli na funguo zikiwa ndani. Baba yake, Mzee Ngonyani, alikuwa na mahindi mengi na maneno machache. Barua ya uchumba ilikuwa imepelekwa, ila hajatoa jibu. Akamwambia baba yangu mdogo Leonsi, aliyekuwa mshenga wangu, kwa kuwa baba yangu alikwisha tangulia: "Huyo kijana wenu anafanya kazi ya ruksa. Leo ruksa kuja kazini, kesho ruksa kwenda nyumbani. Nataka niwaone watu wake wa kazini kwa macho, waseme wenyewe kama wanamjua." Akatupa Jumapili moja tu. Jumapili inayofuata ilikuwa ya mfanyabiashara wa mitumba wa Mfaranyaki, mwenye redio ya kanda mbili na meno ya mbele yenye pengo la kupendeza. Jumapili yetu ikiharibika, Fausta ni wake. Fausta mwenyewe aliniletea ujumbe kupitia mjumbe wa kanisani: "Mwambie asiniaibishe."

Nikawaeleza mabwana zangu. Walifurahi kupita kiasi. Bosi akatoa gari, pikapu, na wao wakasema zawadi ni juu yao, kuku. Mila inataka muoaji asiende siku kama hiyo, lakini nani angewatafsiria? Baba mdogo akaniruhusu niende kama mbeba tenga.

Sokoni Bwana Shen akanunua kuku, wawili wawili, wakaingia tengani. Bwana Hori akaja na mmoja mkononi.

"Wewe!" akafoka Bwana Shen. "Harusi kitu mbili-mbili! Mume, mke, mbili! Mmoja peke yake mkosi!"

"Samahani sana. Idadi ya wawili wawili inagawanyika. Ndoa isigawanyike. Lazima mmoja azidi."

"Toa!"

"Samahani, sitoi."

Bwana Shen akanunua mwingine ili ikae sawa. Bwana Hori akanunua mwingine ili isikae sawa. Nadhani wangemaliza soko, lakini baba mdogo akapiga honi. Tukaondoka. Tatizo ni kwamba barabara ya kwenda kule ina kina mama wanaouza kuku kila kijiji. Bwana Shen anasimamisha gari, ananunua mmoja. Mbele kidogo Bwana Hori anagonga kioo, ananunua mmoja. Mimi niko nyuma kwenye pikapu na tenga, kuku wananidonoa magoti. Baba mdogo akatoa kichwa dirishani akaniita.

"Kasto! Unaoa wewe au wanaoa hawa?"

Kwenye mashimo, kabla ya njia panda ya Peramiho, gari liliruka na kifuniko cha tenga kikafunguka. Yupo kuku naamini alishuka pale. Au hakushuka. Manyoya yalikuwa mengi, sikuona sawasawa. Nilipowaambia, wote wawili wakapauka. Kuanzia hapo hakuna aliyejua nani ameshinda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kwa Mzee Ngonyani, kama kwa wazee wengi wa upande ule, kitu chenye uhai hakihesabiwi mbele ya mwenyewe. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu, "Wapo wa kutosha kuchota maji." Ng'ombe, "wapo." Kuku wakiletwa, unapokea tenga lilivyo, unashukuru, unapeleka uani. Kuhesabu ni kumwita mwewe. Hilo kila mtoto wa Maposeni analijua, na mimi nililijua, ila sikuwaza kwamba mtu mzima anaweza kuhitaji kuambiwa.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo zikatolewa, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaletwa, Bwana Hori akainama kwa kila mtu mpaka kwa mbuzi. Mzee Ngonyani kwenye kiti chake, mama yake, Bibi Rosa, kwenye mkeka karibu naye, watoto wa ukoo wamejaa uani. Fausta alikuwa jikoni, nikaona kitambaa chake cha kichwa kupitia mwanya wa mlango. Baba mdogo akatoa maneno mazuri. Mzee Ngonyani akaanza kulegea. Alitabasamu, nawaambia, hata jino moja nililiona.

Tenga likatuliwa katikati. Bwana Shen hakuweza kuvumilia. Akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye fito: "Yi ji, lyang ji, san ji..." Bwana Hori akaona anapunjwa, akapiga magoti upande wa pili: "Ichi-wa, ni-wa, samba..." Kuku wanahama, mmoja anahesabiwa Kichina akielekea kuhesabiwa Kijapani. Wanaanza upya. Sauti zinapanda.

Mama mmoja akawavuta watoto, akawaingiza ndani kama mtu aliyeona kivuli cha mwewe. Bwana Shen akadhani wenyeji wamechoka na habari za kuku. Akainuka, akajifuta magoti, akataka kupendeza. Kwao familia inahesabiwa kwa midomo, maana kila mdomo unalishwa, na ni swali la upendo kabisa. Akanyoosha kidole kwa wale watoto waliobaki.

"Mzee, hongera! Familia kubwa! Midomo mingapi hapa? Moja, mbili, tatu..."

Mama yangu! Nilitamani ardhi inimeze na gari la bosi juu yangu.

Mzee Ngonyani akasimama. "Leonsi," alimwambia baba mdogo, wala hakunitazama mimi, "mmeniletea watu wanaohesabu. Kuku wangu wamehesabiwa sijawapokea. Wajukuu wangu wanaoneshwa kidole midomo kama nguruwe mnadani. Beba tenga lenu."

"Mzee wangu, hawa ni wageni, hawajui..."

"Kijana wenu ni mgeni?"

Kule jikoni kitu kilianguka, nadhani ni mwiko. Nilihisi machozi yananijia, mtu mzima mimi, mtunza stoo. Nikamwona kichwani yule wa mitumba na pengo lake amekaa pale pale Jumapili inayofuata.

Bwana Hori akaelewa kwamba tumekosea, ingawa hakuelewa tumekosea nini. Akafanya alilolijua. Akainama kuomba radhi, akainama sana, urefu wake wote, na kichwa chake kikalipata tenga sawasawa. Tenga likapinduka, likabingirika, kifuniko kikaruka. Kuku waliingia jikoni, wakapanda paa, wakapita kati ya miguu ya Mzee Ngonyani, wakachanganyika na kuku wa pale pale nyumbani. Kwa kufumba na kufumbua hapakuwa tena na kuku wetu na kuku wao. Hata Mungu angeomba muda.

Katika nyasi za tenga likabaki yai.

Bibi Rosa akajikokota akaliokota. Lilikuwa bado la moto. Akawatazama wale wawili, mmoja ameshika kichwa, mwingine ameshika kiuno.

"Nyie mafundi wa kuhesabu," akasema. "Na hili kwenu mnalihesabu pamoja na kuku, au peke yake?"

Bwana Shen akainua kidole. Nikakishika kile kidole nikakishusha. Akafikiri. Akamtazama Bwana Hori, na Bwana Hori akamtazama yeye. Toka niwajue, hawakuwahi kukubaliana neno bila kubishana kwanza.

"Hii, mama," akasema Bwana Shen taratibu, "hii bado."

"Bado kabisa," akasema Bwana Hori.

Bibi Rosa akacheka mpaka akakohoa. "Umewasikia?" akamwambia mwanawe. "Wanajua. Hawajui tu kwamba wanajua. Mahindi ya ghalani tunayahesabu, yamekwisha kukua. Mtoto bado. Kuku bado. Chenye uhai ni bado, ukikihesabu umekifunga. Kaa chini, baba. Zawadi iliyotaga njiani hairudishwi, hata marehemu baba yako asingeirudisha."

Mzee Ngonyani akageuka, akakuta jogoo mmoja juu ya kiti chake. Kisha akamfukuza jogoo, akakaa. "Ulanzi," akasema. Hilo ndilo jibu nililopewa, na lilinitosha.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Yule wa mitumba alikuja harusini, akatuuzia mashuka.

Mkataba wao ulipokwisha, mabwana zangu walikuja kuaga hapa hapa. Kila mmoja alimvizia mke wangu peke yake kumuuliza lile lile lililomkaa rohoni: siku ile kuku walikuwa wawili wawili, au mmoja alizidi? Fausta akamwambia Bwana Shen, "Wawili wawili, kaka, hakubaki hata mmoja mpweke." Akamwambia Bwana Hori, "Mmoja alizidi, kaka, hawakugawanyika." Wakaondoka wote wamenyooka kama washindi. Walipokwisha kupotea kwenye kona nikamuuliza, ukweli ni upi? Akanitazama kama baba yake alivyomtazama baba mdogo siku ile. "Wewe umezaliwa wapi?" akaniambia. "Nani aliwahesabu?"

Sasa wewe mwenye kofia umeniuliza nina watoto na wajukuu wangapi. Nilijua utauliza. Mke wangu yuko jikoni, ana masikio, muulize yeye. Haya, umemsikia?

"Bado!"

Nywele nyeupe, magoti yanauma, na anajibu hivyo kwa sauti ile. Nami nasema vivyo hivyo. Basi washeni pikipiki zenu, na hicho kiti alichokishusha mwenzenu akirudishe msumarini, kwa mgongo, si kwa miguu.